Watoto Tisa na Cheti Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini sikuvuka hata uzio wa nyumba yangu. Nilikuwa nachambua mchele barazani, hapa hapa Makole, akaja mpangaji wa nyumba ya pili, binti aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake, mtoto mgongoni na mkoba mkononi. Akaniamkia, akasema msichana wake wa kazi ameondoka bila kuaga na yeye anatakiwa ofisini saa moja na nusu. Nikamwambia, haya, lete. Mtoto alilia kutwa nzima, nami nikaapa moyoni kwamba sirudii. Kesho yake wakaja wawili.

Ndivyo nilivyoianza kazi ya kulea watoto wa watu, nikaifanya mpaka magoti yaliponigomea. Nyinyi vijana mnaosomea mambo haya mnaanza na nadharia, mtoto mnakutana naye baadaye. Mimi nilianza na mtoto, nadharia ikanifuata nyumbani.

Ilinifuata na Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, watoto walipofika tisa. Kijana mpole, aliniamkia vizuri, akavua viatu, akakubali na chai. Kisha akasema, "Mama, hapa si nyumbani tu tena. Hiki ni kituo cha kulelea watoto, na kituo husajiliwa. Usajili unataka mlezi mwenye cheti." Nikamwuliza kama watoto watano niliowazaa mwenyewe na kuwakuza si cheti. Akacheka, lakini kalamu hakuiweka chini. Alinipa muda mpaka mwisho wa mwaka wa masomo: nikipata cheti ananisajili, nikikosa nafunga.

Basi nikavaa sare ya chuo nikiwa na miaka hamsini kasoro mmoja. Chuo kilikuwa upande wa Nkuhungu, na kozi yetu iliitwa malezi na makuzi ya mtoto. Asubuhi nalea, saa nane mchana namwachia watoto wifi yangu Saida, mdogo wa marehemu mume wangu, napanda bodaboda na madaftari yangu kwenye mfuko wa sokoni. Darasani wenzangu walikuwa rika la binti zangu. Walinipa kiti cha mbele, eti bibi asikose kuona ubaoni. Nilikaa nyuma makusudi.

Mengi niliyofundishwa niliyajua kwa mikono, nilichokosa ni majina yake. Walitufundisha uchangamshi wa awali, kumbe ni kule kuzungumza na mtoto mchanga unapomwogesha, kumtajia pua yake na sikio lake. Walitufundisha andalio la siku, yaani karatasi inayosema mtoto atakula saa ngapi, atacheza nini, atalala lini, na kwa sababu gani. Hilo nalo nililijua, ila langu lilikaa kichwani.

Muda wa kusoma sikuwa nao. Nikabuni njia: nikawa nawabembeleza watoto kwa madaftari. "Miezi sita anakaa, miezi tisa anatambaa," naimba, huku nampigapiga mmoja mgongoni. Walilala vizuri sana kwa hatua za ukuaji. Tabu ilikuja kwenye chumba cha mtihani, kwani jibu halikutaka kuja mpaka niyumbe. Msimamizi akanijia mara mbili kuniuliza kama naumwa.

Mtihani wa kuandika nilishinda. Ukabaki wa vitendo, ambapo mkufunzi anakuja kukukagua unapofanyia kazi. Mkufunzi wetu wa vitendo alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Getini ananiamkia shikamoo, lakini akivuka mlango wa darasa shikamoo imebaki nje. Wote tulimwita Madam, na mimi pia.

Sasa niwaeleze jambo moja la kwangu. Kila mama aliyeniletea mtoto nilimtaka aje na kanga aliyoilalia, tena asiifue. Nililipokea kwa marehemu mama yangu. Mchana mtoto ukimlaza na kanga ile, akiivuta puani akapata harufu ya mama yake, hana matata. Watoto tisa walikuwa wanalala saa sita na nusu, na nyumba inanyamaza kabisa.

Wiki moja kabla ya ukaguzi, Madam alitufundisha usafi. Akasema nguo isiyofuliwa ni kiota cha vijidudu, na mlezi anayemlaza mtoto juu yake hafai kuitwa mlezi. Niliona uso unawaka, nikadhani darasa zima limejua habari za kanga zangu. Siku ya ukaguzi nikaamka na alfajiri. Mama zao walipowaleta, nikazikusanya kanga zote tisa, nikazichemsha kwa sabuni na dawa, nikaanika. Jua la Dodoma mnalijua. Kufika saa nne zilikuwa kavu, safi, zinanukia kama wodi.

Madam akafika saa sita. Akakagua vyoo, akakagua maji, akasoma andalio langu la siku, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa sita na nusu nikawalaza. Tumaini ndiye aliyeanza. Alikuwa na miezi kumi na minne, mtoto wa binti wa Chemba aliyekuwa karani hapa mjini, asiye na ndugu hapa. Aliivuta kanga puani, akaitupa, akaivuta tena, akaangua kilio. Wa pili akafuata. Haikupita dakika, wote tisa wanalia, Saida kabeba wawili, mimi watatu, na Tumaini analia mpaka anakohoa na kutapika.

Madam akaniuliza, "Watoto wako hulia hivi kila siku?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: wanaogopa mgeni. Nani angebisha? Cheti kilikuwa pale kwenye karatasi yake, na bila cheti kituo kinafungwa. Lakini Tumaini alikuwa begani kwangu anatetemeka, nikashindwa.

"Hapana, Madam," nikasema. "Leo nimezifua kanga za mama zao. Nimewanyima harufu ya mama zao ili unipe alama."

Aliandika, akaandika, akafunga faili. Nilipomsindikiza getini ndipo akasema, "Mama, nikikupa alama kwa kuwa umesema kweli, hawa waliolia nitawapa nini? Rudia baada ya miezi minne."

Nilimchukia, nisiwafiche. Punguani alikuwa nani, yeye aliyefundisha au mimi niliyetii bila kuuliza? Leo nakubali kwamba alihukumu haki, lakini kukubali kwenyewe kulinichukua miaka.

Afisa ustawi alikuja, safari hii hakunywa chai. Nikafunga. Mama wengine walipata pengine pa kuwaweka watoto. Mama Tumaini hakupata. Akamwachisha ziwa kwa haraka, akampeleka Chemba kwa bibi yake, naye akarudi kazini na matiti yamejaa. Alipita kuniaga, hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Baada ya miezi minne nilikaguliwa tena. Nilikuwa nimepata akili: kila mtoto kanga mbili, moja inafuliwa, nyingine inalaliwa na mama, zinapokezana. Watoto wanne wa majirani niliowaazima kwa siku hiyo walilala fofofo. Nikapata cheti, nikasajiliwa, nikafungua.

Tumaini akarudishwa. Asubuhi ile mama yake alimweka mkekani, akamuaga, akaondoka, na mtoto hakulia. Hakugeuka hata kumtazama. Jioni mama alipokuja, Tumaini alimwangalia kama anavyomwangalia muuza maziwa, akaendelea na kopo lake. Mama yake akacheka kwa furaha, "Umeona, mama? Siku hizi hasumbui. Amekuwa mwanamume."

Darasani tulifundishwa neno kufungamana, yaani mtoto kumjua mtu wake: akiachwa na mtu huyo hulia, akirudiwa humkimbilia. Asiyefanya la kwanza wala la pili, tuliambiwa, msimsifu kwa utulivu. Kama nisingesoma, ningecheka pamoja na mama yake. Hapo nikajua elimu nayo inauma.

"Hajawa mwanamume, mwanangu," nikamwambia. "Amezoea kutokuwepo kwako. Na chanzo ni mimi."

Alikaa chini palepale mlangoni, akalia. Tulipokwisha kulia, maana nami sikubaki nyuma, tukaanza kazi. Mchana badala ya kula ofisini alikuja kumlisha yeye kwa mkono wake. Jioni alimbeba mgongoni, hata kwenda sokoni, mtoto mzito hivyo. Mimi nilijizuia kumbembeleza akiwepo mama yake. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Wiki ya tano, asubuhi ya Jumatatu, mama alimweka mkekani, akafika getini, na Tumaini akapiga ukelele. Akatambaa, akasimama, akamkimbilia, akalishika gauni la kazi kwa mikono yote miwili.

Mama yake alinitazama kwa hofu, akitaka kurudi ndani naye.

"Nenda kazini," nikamwambia, na machozi yananitoka. "Amekurudia."

Sasa nimestaafu. Kituo anacho Saida, yeye naye nilimsukuma akasome, na vyeti viwili viko ukutani. Wanafunzi wa chuo wakija kunihoji huniuliza mafanikio yangu makubwa, wakitaraji nitaje cheti. Nawatajia Jumatatu ile.

Asubuhi nakaa barazani na chai yangu wakati wa kupokea watoto. Hakosekani mmoja wa kulia mama yake anapoondoka. Wapita njia husimama, wakasema, maskini, anateseka. Mimi husikiliza kwanza anamlilia nani. Nikisikia anamwita mama yake, namimina chai ya pili.