Gauni la Bandi

Mama fundi na bintiye walishona kwa mikono minne. Mama alikata kitambaa na kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu; binti akapitisha cherehani juu yake. Nguo ikiisha, ungeapa imeshonwa na mtu mmoja. Wala hawakuwa na haja ya kuulizana.

Ndipo siasa ikaingia kibandani kwao bila hodi. Mama ni mwenyekiti wa akina mama wa Chama cha Kengele, na kwa kuzomea hana mpinzani. Binti naye, bila kumshauri mtu, akajitosa kugombea udiwani kwa Chama cha Ngazi.

"Mwanangu, umekosa pengine pote pa kunitia aibu?"

"Mama, barabara ya hapa mlangoni ina mashimo tangu sijaota meno."

"Usiseme na mimi kama uko jukwaani!"

Kuanzia hapo zikawa haziivi. Wakachora mstari wa chaki katikati ya meza, huku mkasi, kule cherehani, na wateja wakageuzwa matarishi.

"Mwambie huyo mgombea anipe pini."

"Mwambie mwenyekiti pini ziko chini ya kiwiko chake."

Mimi, jirani yao mpiga pasi, nilicheka mpaka nikaunguza suruali ya watu.

Siku ya mkutano wa wagombea wote ikafika. Binti hakuogopa maswali. Aliogopa sauti ya mama yake. Akianza yeye kuzomea, uwanja mzima ungeitikia, na udiwani ungeishia hapo. Kwa hofu na haraka alivaa gauni la buluu ambalo mama alilianza kabla ya ugomvi. Mama alikuwa amelitundika akijua binti atalipitisha cherehani; binti alilikuta limetundikwa akajua limekwisha.

Jukwaani, alipoinua mkono kuionyesha ile barabara, bega likaachia na mkono wa gauni ukashuka mpaka kwenye kiwiko. Watu wakaangua kicheko. Akina mama wa Kengele wakamgeukia mwenyekiti wao: haya, anza!

Mama akainuka. Binti akafumba macho.

Lakini mama alipanda jukwaani na sare yake ya chama, akachomoa sindano yenye uzi ambayo haimtoki kifuani, akaanza kushona bega la mpinzani mbele ya kadamnasi.

"Simama wima," alinong'ona, na kipaza sauti kikasambaza kila neno. "Bandi hii ni yangu, na aibu yake ni yangu. Kura yangu usiitegemee."

"Sawa, Mama."

"Na tulia, nitakuchoma."

Akakata uzi kwa meno, akarudi kitini. Wenzake wakamkonyeza: sasa!

"Mwacheni mwanangu amalize," alisema.

Binti akamaliza, mashimo ya barabara na yote. Ndipo mama akavuta pumzi, akazomea mpaka kunguru wakahama uwanja. Kule jukwaani binti alicheka huku machozi yakimtoka, akainua mkono juu kabisa kumpungia. Bega halikuachia.