Birika la Owuor

Ukifika Free Area na kuulizia kwa Owuor, utaulizwa kwanza: "Owuor yupi, wa mikate ama wa madude?" Ni mtu mmoja. Mchana anaoka mikate kiwandani. Jioni anarudi, anatandaza nyaya kwenye meza ya chakula na kuunda roboti. Hakusomea kazi hiyo popote. Alijifunza kwa video za simu, na kwa kuungua vidole.

Mkewe, Nasimiyu, amevumilia, jamani. Aliwahi kuundiwa pipa la taka lenye magurudumu. Badala ya kumfuata yeye na takataka zake, likamfuata paka, mpaka paka akahamia kwa jirani. Na kwa vile meza imejaa nyaya, watu wa nyumba hiyo hula sahani zikiwa magotini, kama walio matangani.

Basi binti yao Celestine akaleta habari: watu wa kina Micah, mchumba wake, wanatoka Rongai kuja kubisha hodi. Nasimiyu akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"Baba Celestine, siku hiyo meza ni ya chakula."

"Sawa, mama. Lakini wageni watanawishwa na birika yangu. Inatembea yenyewe."

"Hata ile ya paka ilikuwa inatembea yenyewe." Akamkazia macho. "Sikia. Hiyo kitu ikiniaibisha mbele ya wakwe, kila waya iko hapa inaenda kwa watu wa vyuma kuukuu. Pamoja na hicho chuma chako cha kulehemu chenye kilichoma kitambaa yangu."

Owuor akakubali. Angefanya nini? Mtu akipenda kitu, haoni kwamba amekiweka rehani.

Birika lenyewe lilikuwa hivi: kigari cha kimo cha stuli, juu yake beseni, na mrija uliopinda kama shingo ya korongo. Maji yalisukumwa na pampu ndogo iliyotolewa kwenye gari kuukuu, ile ya kuoshea kioo. Ubongo wake ulikuwa kibao kidogo kama kiberiti, ambacho Owuor alikiandikia amri kwa kompyuta. Amri ilikuwa moja: ukihisi joto la kiganja kilichonyooshwa, kifuate, kisha kimwagie maji.

Siku ikafika. Owuor akawasha swichi iliyo chini ya kigari. Birika likamwendea Mzee Kimeli, babake Micah, kama desturi inavyotaka, mkubwa kwanza. Mzee akanyoosha mikono, maji yakatiririka. Alitazama mikono, akatazama dude, akatazama mikono tena. Wageni wote wakanawa, wakapiga makofi. Hata Nasimiyu akatabasamu.

Kwa furaha hiyo, Owuor akaketi bila kuzima swichi.

Chakula kikaombewa na Shangazi Jepchumba, dada ya Mzee, ambaye Rongai yote inajua kwamba akiombea ugali, utauweka tena motoni. Macho yote yakafumbwa. Shangazi akanyoosha kiganja juu ya bakuli la kuku, akaombea vijana, akaombea barabara, kisha akafika kwa mahindi.

"Baba, mahindi inanyauka! Tunyeshee, Baba!"

Zzzzz.

Owuor akaitambua sauti hiyo kama mtu anavyokitambua kikohozi cha mwanawe. Akafumbua jicho moja. Birika lilikuwa limefika mezani, limeinua shingo, nalo linamwagia Shangazi kiganja. Maji yakamtiririka vidoleni, yakaingia kwenye kuku.

"Asante!" Shangazi akapaza sauti, machozi yakimlengalenga kwenye kope zilizofungwa. "Nimeyahisi, Baba! Ongeza!"

Birika likaongeza.

Owuor akamtazama mkewe. Nasimiyu naye alikuwa amefumbua jicho moja, na jicho hilo lilikuwa tayari kwa watu wa vyuma kuukuu. Owuor kuinuka hawezi: kati yake na swichi kulikuwa na magoti ya wakwe watano, na maombi hayakatizwi.

Ndipo akaona jicho la tatu. Mzee Kimeli, ambaye maombi ya dada yake ameyasikiliza tangu utotoni, alikuwa akilitazama birika kwa utulivu. Polepole akanyoosha kiganja, kama mtu anayemvuta ndama kwa chumvi. Birika likageuka. Mzee akainuka, akarudi nyuma kinyumenyume, kiganja mbele, dude nyuma ya kiganja, mpaka mlangoni, mpaka nje.

Amina iliposemwa, alionekana kupitia dirisha akinywesha sukuma wiki za Nasimiyu.

Akarudi akijipangusa mikono. "Hii iko na akili ya ndama," alisema. "Inataka tu kufundishwa Amina. Nani alitengeneza?"

Owuor akaangalia viatu vyake.

"Ni huyu mzee wangu," Nasimiyu akasema, akijinyoosha. "Hapo tu, kwa hiyo meza yetu."

"Basi aniundie ya kunyweshea ndama. Hiyo meza msiiguze."

Wakala. Kuku alikuwa na mchuzi mwingi kuliko alivyopikwa, na Shangazi akauongeza mara mbili akiusifia.

Jioni iliyofuata Owuor akarudi kutoka kiwandani, akakuta nusu ya meza imetandikwa kitambaa kipya, na sahani mbili. Nusu ya pili ilikuwa tupu, isipokuwa chuma cha kulehemu, kilicholazwa juu ya kigae kisichome kitu.