Verna Amshikia Shemeji Yake Mpira wa Hewa

Ukimkosea Verna Haglund, usije ukasema hukuonywa. Hapa Point Arena sote tunamjua: mwanamke mfupi, mdomo wembe, mguu wa kushoto hauna shavu. Shavu lilichukuliwa na papa mweupe siku alipokuwa chini akikusanya shorowanda, wale viumbe wa baharini wa miiba tunaowauza. Lakini Verna hana ugomvi na papa. "Yule alikuwa na njaa yake," husema. Ugomvi wake ulikuwa na Delmar, mdogo wa marehemu mumewe.

Sikilizeni basi. Mzamiaji hushuka na mpira wa hewa, bomba refu la kupumulia litokalo botini, na mwenzake hubaki kwenye boti akiushika. Papa akionekana, mshika mpira huvuta mara tatu: lala kwenye mawe, tulia. Humvuti mtu juu, kamwe! Papa mweupe hushambulia kutokea chini, na anayening'inia katikati ya maji ni chakula. Siku ile mshika mpira wa Verna alikuwa Delmar. Aliona pezi, akaingiwa na kiwewe, akamvuta Verna juu kama ndoo ya kisimani. Kisha, mshenzi yule, akatangaza gatini kwamba Verna mwenyewe ndiye aliyebabaika akapanda. Watu wakamwamini. Hakuna aliyetaka tena kuzamia na Verna.

Msimu huu mshika mpira wa Delmar alihama. Verna akamfuata Delmar gatini.

"Shemeji, nitakushikia mimi."

"Wewe? Si una kinyongo na mimi?"

"Kinyongo cha nini? Si nilipanda mwenyewe?"

Akacheka, bwege yule, akakubali.

Delmar akashuka. Bahari ilikuwa shwari, hata sili hakuonekana. Verna akavuta mpira mara tatu. Halafu akafungua mkate wake wa nyama, akala taratibu, akashushia kahawa. Huko chini Delmar amekumbatia jiwe, na kila tonge lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Verna mwenyewe aliniambia hivyo, bila haya.

Baridi ilipomzidi, Delmar akapanda mbio, akaidaka ngazi. Verna akauweka mguu wake mbovu juu ya kipandio cha mwisho. Mkononi alikuwa na kipaza sauti cha redio, amekibonyeza, na sisi wa boti zote tulikuwa tunasikia.

"Nipishe, shemeji! Yuko wapi?"

"Sema kwanza. Siku ile nani alinivuta?"

"Verna, tafadhali! Miguu yangu iko majini!"

"Yangu pia ilikuwa majini. Nani?"

"Mimi! Nilikuvuta mimi! Niliogopa, nikakusingizia! Nipishe, nakufa!"

Akampisha, akaachia kitufe. Delmar akaanguka botini akitapika maji ya chumvi. Redioni akakohoa mzee Orville, nahodha mkongwe kuliko sisi wote.

"Tumekusikia, Delmar," akasema.

Hapo ndipo Delmar alipokiona kile kipaza sauti. Akachungulia majini upande huu, akachungulia upande ule.

"Papa yuko wapi?"

"Hakuna papa."

Akamkodolea macho, meno yakigongana. Verna alidhani atamtukana. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, na sote tukasikia, maana Verna alikuwa amekibonyeza tena kitufe:

"Na kama angekuwepo kweli? Ungeniacha nife?"

"Angekuwepo ningekushikia mpira mpaka aende zake," Verna akasema. "Na ulijua hivyo, mwongo wewe. Ndiyo maana ulikubali kushuka."