Ampli ya Baba Mkubwa

Mtu akiniuliza leo anunue wapi vifaa vya kujiundia ampli, namwambia asianze na vifaa. Amwangalie muuzaji, asikilize swali lake la kwanza. Kanuni hiyo ni yangu mwenyewe, nimeilipia kwa aibu, na mpaka leo sijaona ya kuishinda.

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa fundi redio kijana wa Nyamirambo, mjini Kigali, na nilijiamini kupita kiasi. Dada yangu alikuwa amepata mchumba. Kwetu, siku ya kuombwa binti, wazee wa upande wa mume huja kumwomba mbele ya watu, na msemaji wa nyumba huwazungusha kwanza kwa maneno: hajui wanamtafuta nani, wamepotea njia, labda warudi kesho. Wageni husubiri mzaha huo kuliko wanavyosubiri pilau. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu, fundi cherehani aliyetulea, ndiye aliyekuwa msemaji wa nusu ya mtaa. Tangu dada akiwa mdogo alimwahidi kwamba siku yake ikifika, atamsemea yeye mwenyewe. Kisha akapasuliwa koo, na sauti iliyobaki ilimtosha mtu aliyekaa naye mkeka mmoja.

Ukoo ukaanza kutaja msemaji mwingine. Nikawaambia hapana, nitaunda ampli. Niliwaambia kwa sauti kubwa, maana mimi yangu nilikuwa nayo.

Barabara ya Kampala ilikuwa imefungwa kwa vita, kwa hiyo vifaa vilikuja kwa kupitia Goma, na waliouza niliowajua walikuwa wawili. Nilianzia Remera, kwa mama mmoja wa Bukavu, mjane wa fundi redio. Alifungasha vifaa kwa mkono wake ndani ya mifuko ya karatasi ya sukari, kila mfuko na mchoro wake alioukopi kwa kalamu. Nilimuuliza ampli yake ina wati ngapi. Yeye akaniuliza, "Ni nani atasema mule? Sauti yake iko namna gani?"

Nikamwona hana biashara. Mtu anauza ampli na hana hata spika moja ya kujaribia! Nikaaga kwa adabu, nikateremka Nyabugogo.

Huko kulikuwa na bwana mwenye ukuta mzima wa spika. Kigali nzima ilijaribu ampli kwa njia moja: unaweka kaseti ya rumba, unafungua sauti mpaka mwisho, ukiona shati linatikisika kifuani unalipa. Langu lilitikisika. Wapagazi walitua mizigo yao wakacheza. "Sikia besi, kaka," alisema yule bwana, "hii iko na nguvu ya kanisa mbili." Mimi nikapima transfoma kwenye kiganja, nikagonga ubao kwa ukucha, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Nikanunua.

Niliunganisha kila kitu kwa siku nne, na sikukosea hata waya mmoja. Hilo nalisema hadi leo. Siku ya tano nikampa baba mkubwa maikrofoni, aunti zangu wote wakiwa wamekaa uani. Alipofungua kinywa, spika zikavuma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nikaongeza sauti, na mvumo nao ukaongezeka. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini tulichosikia ni nyuki tu. Vifaa vile vilitengenezwa kwa kaseti, ambayo inapiga kelele yenyewe. Kwa mtu anayenong'ona havikuwa na kitu.

Baba mkubwa akaweka maikrofoni juu ya cherehani, taratibu, kama anavyoweka mkasi. Nilisogea ndipo nikamsikia.

"Mwanangu, hii inasema kunishinda. Mpeni yule mwingine kazi."

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake nilirudi Remera nikamweleza yule mama kila kitu, hata kwamba nilimdharau. Alinisikiliza huku akipanga rezista zake kwenye vikopo, kisha akasema hauzi kitu mpaka amsikie mwenye sauti. Nikaenda kumbembeleza baba mkubwa, naye akakubali, nadhani kwa kunihurumia. Mama akamkalisha kwenye kigoda na kumwomba aseme yale ambayo angeyasema siku ya dada. Mzee akanong'ona. Mama alisikiliza akiangalia chini, muda mrefu. Halafu akafungua mfuko, akatoa vipande viwili akatia vingine, akaongeza kibao kidogo cha kukuza sauti ya maikrofoni na waya uliovikwa wavu wa shaba wa kuzuia mvumo. Akaniambia transfoma niifunge mbali na pale sauti inapoingilia. Kwa heshima ya mzee hakunikosoa zaidi.

Siku yenyewe ilipofika, wageni walijaa mpaka barabarani. Msemaji wa upande wa pili akasimama, akaeleza kwa madoido kwamba wamekuja kuomba binti. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe. Baba mkubwa akanyanyua maikrofoni.

"Binti?" akasema. "Hapa iko cherehani tu. Na yenyewe hatutoi."

Waliocheka kwanza walikuwa wapishi, kule nyuma kabisa kwenye masufuria. Kisha uwanja mzima. Aliwazungusha wale wazee mpaka wakaomba maji, na nyuki hakusikika hata mmoja.

Dada alikuwa chumbani, kwa kuwa binti haonekani mpaka maneno yaishe. Jioni aliniambia kwamba alikuwa anavaa bangili akaziacha. Kabla ya neno la kwanza, alisema, alimsikia baba mkubwa kwenye spika akivuta pumzi, akajua ni yeye.