Nilibandika poster Kisii nzima, lakini baba alipatikana kwa swali lake

Wakuu, habari za kwenu. Hii sikusimuliwa, ilinipata mimi mwenyewe, na siongezi chumvi.

Mzee wangu alikuwa karani wa kituo cha majani chai huko Nyamira, akiwapimia wakulima kilo zao. Alistaafu zamani, na siku hizi kumbukumbu imemtoka. Mwaka jana nilimleta Kisii town kwa daktari. Nikageuka kuchukua dawa dirishani, kurudi nikapata kiti kitupu.

Nilichapisha poster. Jina, umri, urefu, koti la kijivu, kofia, kila kitu. Nikabandika town yote na kutuma kwa WhatsApp groups zote.

Kumbe nguzo za Kisii zina wenyewe. Wanasiasa, waganga, crusade, plot zinauzwa. Kesho yake nilikuta tangazo la vifaranga limebandikwa juu ya uso wa baba. Kwa groups, forward za good morning zilikuwa zimenifunika. Niliumia sana. Amelala wapi, na baridi yetu mnaijua?

Boda mmoja aliisoma poster yote polepole, akanirudishia.

"Bro, wazee wa koti la kijivu hapa ni wengi. Huyu wako anafanya nini wengine hawafanyi?"

Baba humuuliza kila mtu swali moja, hata pasta: "Leo umeleta kilo ngapi?" Nyumbani lilishatuchosha. Mimi nilikuwa nimeacha kumjibu.

Nikaandika upya: MZEE AKIKUULIZA "LEO UMELETA KILO NGAPI?" HUYO NI BABA YANGU. MJIBU, MKALISHE, NIPIGIE.

Watu wa boda wakaanza kuulizana hilo swali stage kwa utani. Likasafiri kuliko mimi.

Mchana simu ikalia. Mama muuza ndizi, kutoka soko la Masimba, mbali na town. (Alifikaje huko, sijui hadi leo.)

"Niko na mzee wako. Nimemwambia ishirini, akaniambia nipange laini."

Nilimkuta ameketi juu ya kreti, anakula ndizi. Akaniangalia kama mgeni.

"Leo umeleta kilo ngapi?"

"Thelathini, Tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa Kigusii.

"Umejaribu," akasema, akanisogezea nafasi.

Nilichojifunza: watu wana mengi ya kusoma. Wape kitu kimoja wanachoweza kubeba kichwani wakiendelea na kazi zao.

Na wewe, mzee wako angetambulika kwa kitu gani? Andika hapo chini, na uwaambie wa nyumbani pia.

Mimi siku hizi najibu kila asubuhi. Jana nilimwambia arobaini, akanipa mkono.