Majani Mabichi ya Misaji

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini ikianza, nami ni mke mgeni pale Idete. Mume wangu Gaspari, sasa ni marehemu, alilima mpunga na bustani ya mboga. Mama yake alikuwa na kishamba cha misaji, ile miti ya mbao ngumu, aliyoipanda mwenyewe ili ije imjengee nyumba ya bati.

Masika yalipokuwa yanaisha, Gaspari akaanza kuchuma majani ya misaji yangali mabichi, ayafukie bustanini yawe mbolea. Mama mkwe alimkuta upande mmoja wa shamba umeshabaki vijiti vitupu.

"Gaspari, subiri yapukutike yenyewe. Mti bado unayahitaji."

"Mama, si yataanguka tu? Kuna tofauti gani?"

Akaendelea kuchuma. Kesho yake mama alifunga mzigo akapanda treni kwenda kwa binti yake Mlimba.

Kiangazi kikapita. Mvua za kwanza ziliponyesha, upande ambao haukuguswa ulichipua majani mapana. Upande wa pili vilitoka vijani vya manjano, na baadhi ya miti ikafa. Gaspari akamwita bwana miti kutoka Ifakara. Huyo alitueleza kwamba kabla ya kupukutisha, mti huvuta naitrojeni, chakula kile kile kilichomo kwenye mbolea ya kukuzia, kutoka kwenye majani na kukiweka kwenye gome, shina na mizizi. Mvua zikija, majani mapya hujengwa kwanza kwa akiba hiyo.

"Wewe uliichukua kabla mti haujaihifadhi," alisema.

Wiki ile ile mimi na Gaspari tulikwenda Mlimba.

"Shikamoo, mama. Miti mingine imekufa. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba. Miti nitapanda mingine," alisema, huku akipepeta mchele. "Lakini nilikwambia kitu ninachokijua, ukaona nakusumbua."

Hakurudi nasi siku ile. Alirudi baada ya Krismasi. Nyumba yake ilichelewa sana, ila aliingia akiwa hai.

Basi, mwanangu, ukitaka mbolea ya majani, okota yaliyoanguka. Na aliyepanda kitu akikwambia subiri, muulize sababu kabla hujanyoosha mkono. Mungu akujalie kusikia mapema, na kila unachopanda kikufae wewe na wanao.