Mwisho Anaodaiwa Bwana Bado

Jirani anaapa kuwa mwanamke ameuawa asubuhi hii nyuma ya mlango wa bluu.

"Nimesikia kwa masikio yangu haya," anasema, mwiko ungali mkononi. "Hatua ngazini, polepole. Mwanamke anauliza, 'Nani hapo?' Mwanamume anamwambia, 'Usifungue.' Halafu kimya. Jamani, kile kimya ndicho kilichonitoa jikoni!"

Alichokikuta ndani ni mtu mzima mwenye kitambi chake, kavaa fulana, taulo shingoni, kasimama mbele ya televisheni akijibizana na nafsi yake kwa sauti mbili.

"Shemeji, umeniharibia," mtu huyo alimwambia. "Mlango ulikuwa bado."

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bwana Bado. Kazi yake ni kusimulia filamu za kigeni kwenye ukumbi wa video. Kipaza sauti mkononi, huwasemea wahusika wote: mke, mume, polisi na hata mbwa. Kiingilio hugawana na mwenye ukumbi. Siku ya mvua hurudi na hela ya mboga tu.

Kazi alijifunza kwa mwalimu ambaye hakuwahi kumtia machoni: mwongozaji wa zamani, bingwa wa filamu za taharuki, aliyekufa kabla Bwana Bado hajajua hata kushika kipaza sauti. Mkanda wake mmoja ulifika ukumbini bila ganda. Mwanamke anapanda ngazi na taa. Watazamaji wameshaona kiatu kilicholowa nje ya mlango wa juu. Yeye hajakiona.

"Wenzangu walikuwa wakipiga kelele mwanzo mwisho, kama wanauza nyanya," anasema Bado, sauti ikimkwaruza. "Yule mzee akanifunza: mwambie mtu hatari iko wapi, kisha nyamaza. Hofu ataipika mwenyewe."

Somo limeenea. Wasimulizi wa kumbi za jirani wamepita mikononi mwake. Hata kinyozi wa pembeni siku hizi hukatiza umbea patamu, wembe ukiwa shingoni, ili mteja arudi tena.

Lakini aliyenaswa barabara ni mkewe, fundi cherehani. Enzi za uchumba Bado alimsimulia filamu ile hadi kwenye kiatu, akaishia hapo. Mwisho, alimwambia, utausikia nyumbani kwangu.

"Nikaolewa kwa kuufuata mwisho," mama anacheka. "Watoto wanne sasa, na yule dada wa watu angali ngazini! Nimebembeleza, nimenuna, nimemnyima chai. Wapi!"

Mkanda uko kabatini. Mama hajawahi kuugusa.

"Nautaka kwa mdomo wake. Picha nitazame ya nini?"

Jumatatu Bado anaingia hospitali kuondolewa kinundu kooni. Daktari hakumficha: sauti inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Akamwonya asiichoshe. Kwa hiyo habari za jirani zilipomfikia mkewe, aliwaka.

"Baba watoto, daktari alisema nini?"

"Alisema nisipige kelele. Yule mwanamke hapigi kelele, ananong'ona."

"Endelea tu, na mimi utaninong'oneza maisha yote!"

Leo jioni atasimulia kwa mara ya mwisho kabla ya kisu. Sauti ikipotea, ana mpango wake: atawafundisha vijana kwa vidole, awaonyeshe wapi pa kusema na wapi pa kuacha. "Kunyamaza hakutaki koo," anasema.

Limebaki moja. Adhuhuri, cherehani imepumzika, anasogeza kigoda karibu na mkewe.

"Mama watoto, tulia nikumalizie. Basi, akafika mlangoni..."

Kiganja cha mama kinamziba mdomo.

"Koma! Miaka yote hiyo nimekudai, leo ndiyo unanilipa? Anayelipa madeni yote ni mtu anayekwenda asirudi. Utanimalizia ukitoka huko."

Bado anakitoa kiganja kile taratibu, anakishika.

"Na nikitoka sina sauti ya kukumalizia? Nakuomba, mke wangu. Nisikilize."

Mama anachomoa mkono wake. Anainama, anaingiza kitambaa, anakanyaga. Cherehani inanguruma chumba kizima, na sindano haina uzi.